Soka la wanawake kwa shabiki anayeanzia Arusha: nani ni nani, na nani anakwenda wapi

Tarehe 24 Mei 2025 Arsenal walitwaa ubingwa wa Ulaya, na Arusha sikusikia honi hata moja. Ni Arsenal walewale ambao stika zao zimebandikwa kwenye vifodi kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River. Walikuwa Lisbon, wakaifunga Barcelona 1-0 kwa bao la Stina Blackstenius. Lilikuwa kombe lao la pili la aina hiyo baada ya lile la 2007, na katikati ya miaka hiyo yote hakuna klabu nyingine ya Uingereza iliyolibeba. Lakini lilikuwa kombe la Ligi ya Mabingwa ya Wanawake. Basi yule chalii wa Kaloleni aliyeanza kuota mvi akiisubiri Arsenal ichukue Ulaya aliamka Jumapili asubuhi, akanywa chai, akaendelea kusubiri.

Ukimwuliza, hatakwambia kwamba analidharau soka la wanawake. Atakwambia analiunga mkono. Hapo ndipo penye shida. Kila ifikapo Machi 8, na kila Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake, wakifuzu kitu, tunaambiwa tuwaunge mkono dada zetu; tunaitikia, tunapiga makofi, kisha tunarudi kwenye Simba na Yanga. Anayeunga mkono hupiga makofi hata mshambuliaji akipaisha akiwa amebaki na kipa. Shabiki hushika kichwa. Anayeunga mkono haulizi msimamo wa ligi. Shabiki anaujua, na anajua sare ya leo inamfaidisha nani. Ushabiki unataka ujue kinachogombewa. Na kwenye soka letu la wanawake kukijua si kazi nyepesi: timu za taifa zina majina manne, mashindano huchezwa mwaka tofauti na ule uliomo kwenye jina lake, na moja ya klabu zenye makombe mengi ni ile ambayo hujawahi kukutana na mtu aliyevaa jezi yake stendi.

Majina kwanza

Kwa msomaji wa Moshi niliondoe hili mapema: Kilimanjaro Queens si timu ya mkoa wenu. Ni jina ambalo timu ya wanawake ya Tanzania Bara imelitumia kwenye mashindano ya CECAFA, ambako Bara na Zanzibar huingia kila upande na timu yake, kama ambavyo wanaume huitwa Kilimanjaro Stars. Kwa jina hilo walitwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 2016 kule Jinja, Uganda, na wakautetea Kigali 2018. Wengi wa wachezaji haohao wakienda kwenye mashindano ya CAF (ya Afrika) au FIFA (ya dunia), Tanzania inakuwa moja na jina linakuwa Twiga Stars.

Chini yao kuna Tanzanite, wasichana wa chini ya miaka 20, waliopewa jina la jiwe linalochimbwa pale Mirerani. Chini zaidi kuna Serengeti Girls, wa chini ya miaka 17. Ukiangalia, mlima, jiwe na mbuga vyote viko huku kwetu kaskazini. Majina tumechangia. Wachezaji ni habari nyingine, nitaifikia.

Hao Serengeti Girls ndio ningependa uwashike kwanza. Oktoba 2022 walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la umri wao, na kabla ya hapo hakuna timu yoyote ya Tanzania, ya wakubwa wala wadogo, ya kike wala ya kiume, iliyowahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Mechi ya kwanza Japan wakawachapa 4-0, na nyumbani watu wakazima televisheni. Siku tatu baadaye wakaifunga Ufaransa 2-1. Sare ya 1-1 na Canada ikawatosha kuingia robo fainali, ambako walitolewa 3-0 na Colombia iliyokuwa na Linda Caicedo, binti ambaye miezi michache baadaye alikuwa anavaa jezi ya Real Madrid. Mwaka 2025 timu ya wanawake ya futsal, soka la ndani la watu watano, nayo ikafika fainali ya Afrika na kukata tiketi ya Kombe la Dunia la futsal kule Ufilipino.

Linganisha na Taifa Stars ya AFCON 2019. Ilipoteza mechi zote tatu, na bado kijiweni watu wanakutajia kikosi kile namba kwa namba. Walioifunga Ufaransa tunawaita "wale mabinti". Sisemi hivyo kwa kulaumu. Kikosi cha Taifa Stars tulikijua kabla hakijasafiri, kwa sababu wachezaji wale tulikuwa tunawabishania kila wikiendi kwenye ligi. Ndiyo maana kazi ya shabiki inaanzia kwenye ligi.

Ligi, na klabu isiyo na tambo

Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wa kwanza hakuwa mtu wa Kariakoo. Alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mkoa wa Pwani. Baada ya hapo wakaja JKT Queens wakachukua 2018 na 2019. Simba Queens wakabeba mara tatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022. JKT wakarudi 2023, Simba 2024, JKT tena 2025. Kwa hiyo tangu Mlandizi aondoke kileleni hadi mwisho wa msimu wa 2024/25, kombe lilikuwa linakwenda Msimbazi au linakwenda jeshini.

Rudia kusoma orodha hiyo utaona jina ambalo halipo. Yanga Princess hawamo. Kwa Mwananchi aliyezoea miaka ya karibuni kumtania Mnyama kwenye ligi ya wanaume, huku mambo yamegeuka: yeye ndiye anayefukuza. Utani wa jadi unapoanza upya, ukiwa na wenye raha na wenye uchungu tofauti, ndipo ligi inapokuwa na ladha. Mechi ya Simba Queens na Yanga Princess haina haja ya kuombewa kuungwa mkono na mtu. Ina visasi vyake.

JKT Queens ndio wanaowasumbua wageni wa ligi hii. Ni timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, nyumbani kwao ni uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, Mbweni, Dar es Salaam. Hawana matawi Unga Limited, hawana wasemaji wa kurusha vijembe redioni. Kinachowapa nguvu, kwa maoni yangu, ni ajira. Binti wa miaka 19 akiitwa na klabu ya kiraia, anapewa mkataba wa msimu mmoja au miwili. Timu ya jeshi ina uwezo wa kumpa kazi, na kazi haiishi siku goti likiteguka. Mzazi aliyekuwa anasita kumruhusu binti acheze mpira, ukimtajia ajira ya jeshi, mazungumzo yanabadilika palepale mezani. Nani angetaka kushindana na hilo kwa ahadi ya posho?

Kuna kitu kingine nyuma ya pazia. CAF inazitaka klabu zinazoshiriki mashindano yake ya wanaume ziwe na timu ya wanawake; ni sehemu ya leseni. Ni kanuni nzuri, lakini imezaa timu za aina mbili: zilizoanzishwa kucheza mpira na zilizoanzishwa kujaza fomu. Shabiki anaweza kuzitofautisha bila kuingia ofisini kwa mtu. Angalia ratiba ya wanawake inatangazwa lini kwenye kurasa za klabu: wiki moja kabla, au asubuhi ya mechi? Angalia kama picha ya kikosi ina majina. Angalia kama mchezaji akiumia mnaambiwa atakaa nje muda gani. Klabu ambayo haikuambii lolote kati ya hayo haikutegemei uje.

Na niseme wazi: pengo kati ya vinara na timu za mkiani ni kubwa, na mechi za namna hiyo huisha kwa mabao mengi ya upande mmoja. Usianzie hapo, utachoka mapema. Anza na mechi za JKT, Simba na Yanga zenyewe kwa zenyewe, au wanapokwenda mikoani, maana huko hukutana na timu zinazowakamia, kama Alliance Girls ya Mwanza au Ceasiaa Queens ya Iringa. Azam TV huonesha baadhi ya mechi hizo.

Na sisi wa kaskazini?

Bingwa wa ligi ya wanawake hajawahi kutoka huku. Njia ya kufika Ligi Kuu ni ndefu: timu itwae kwanza ubingwa wa mkoa, ikapambane na mabingwa wa mikoa mingine, ipite Daraja la Kwanza, ndipo iingie kwa wakubwa. Kila hatua ni safari, na safari ni hela. Timu ya Arusha ikipangiwa mechi Mbeya au Kigoma, gharama ya basi, malazi na chakula cha watu ishirini na kitu inaweza kumaliza mfuko kabla ya mpira kuanza. Uwanja si tatizo letu kubwa. Tuna Sheikh Amri Abeid katikati ya mji (mojawapo ya viwanja vichache duniani vilivyopewa jina la mshairi, na sijui kwa nini hatujisifii), Moshi kuna Ushirika, na kule Olmoti serikali ilianza kujenga uwanja mwingine mkubwa kwa ajili ya AFCON 2027 ya wanaume. Kinachokosekana ni mtu wa kulipa nauli msimu mzima.

Vipaji vya huku utaviona kwenye UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari, katikati ya mwaka. Nenda kwenye mechi za mchujo za wilaya, zile zinazochezwa asubuhi kwenye viwanja vya shule. Juni Arusha ni baridi, kipa amevaa sweta ya shule ndani ya jezi, beki wa kulia ana raba, wa kushoto ana njumu mbili zisizofanana. Mwalimu wa michezo ndiye kocha, ndiye daktari, ndiye mshika kibendera. Utaona pia jambo ambalo televisheni haikuoneshi: wasichana wengi wamelelewa kwenye netiboli, kwa hiyo wanaruka vizuri na wanajua kumsoma mtu kabla hajapokea mpira, ila mguu wa kushoto ni wa kusimamia tu. Binti mwenye miguu yote miwili uwanja mzima unamjua ndani ya dakika tano. Wachuuzi wa karanga wanamwita kwa namba yake ya mgongoni. Hapo huna haja ya kujua CAF ni nini.

Barabara ya Afrika

Mashabiki wengi wa Simba na Yanga wanaujua mfumo wa wanaume: ukimaliza juu kwenye ligi unaingia Ligi ya Mabingwa, unapangiwa mtu, mnacheza nyumbani na ugenini. Wa wanawake ni mwingine. Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake ilianza 2021, na fainali zake huchukua klabu nane tu, zinazokusanyika nchi moja. Afrika imegawanywa kanda sita; kila kanda inatoa bingwa wake, na nafasi mbili zilizobaki hujazwa na klabu ya nchi mwenyeji na klabu ya ziada kutoka kanda ya bingwa mtetezi. Kwetu mchujo huo huendeshwa na CECAFA kama mashindano mafupi, yote mahali pamoja. Maana yake bingwa wa Tanzania anaweza kutawala ligi miezi kadhaa, halafu akapoteza nusu fainali moja mbele ya timu ya Ethiopia au Kenya, na mwaka wake wa kimataifa ukaisha hapohapo. Hakuna marudiano.

Agosti 2022 Simba Queens walipita mchujo huo Chamazi kwa kuifunga She Corporate ya Uganda 1-0 fainali, wakaenda Morocco na kumaliza nafasi ya nne Afrika. Walizifunga Determine Girls ya Liberia na Green Buffaloes ya Zambia, wakaja kutolewa nusu fainali na Mamelodi Sundowns kwa bao moja. JKT Queens nao walipita 2023 na 2025, mara zote wakaishia makundi. Bado nafasi ya nne ya Simba ndiyo kipimo, na kila JKT wakichukua ligi, watani huwatajia mwaka huo.

Kwa timu ya taifa, mkanganyiko uko kwenye miaka. Fainali za Afrika za wanawake, WAFCON, zinazoitwa za 2024 zilichezwa Julai 2025, Morocco. Zile za 2020 hazikuchezwa kabisa kwa sababu ya korona. Kwa hiyo ukisikia "WAFCON 2024", usimtafute mtu kwenye kumbukumbu za 2024.

Twiga Stars walifika fainali hizo mara ya kwanza 2010, Afrika Kusini, wakafungwa mechi zote tatu. Ikapita miaka mingi ya kukaribia na kukosa. Mwaka 2023 waliitoa Ivory Coast kwa penalti, wakapangiwa Togo. Chamazi wakashinda 3-0. Lomé wakafungwa 2-0. Filimbi ya mwisho ilipolia, walioshinda walikuwa wanalia na waliofungwa walikuwa wanacheza ngoma, kwa sababu jumla ilikuwa 3-2 na Tanzania ilikuwa imefuzu. Dakika za mwisho za mechi ya namna ile, ukiwa unajua kwamba bao moja tu zaidi linafuta faida yote ya Chamazi, zinatosha kumgeuza mtu yeyote shabiki. Asiyejua hesabu anaona timu yake inafungwa tu.

Kule Morocco walipangwa na Mali, Afrika Kusini na Ghana. Mali wakashinda 1-0. Mechi ya pili, dhidi ya Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, Opa Clement akatangulia kufunga kipindi cha kwanza, na Twiga walishikilia bao hilo mpaka zilipobaki kama dakika ishirini, mechi ikaisha 1-1. Ghana ikawamaliza 4-1. Pointi moja. Mtu wa kuunga mkono atakwambia wamejitahidi. Shabiki atakwambia kwamba hiyo ndiyo pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya fainali hizo, iliyochukuliwa kwa bingwa mtetezi, na kwamba kwa namna walivyocheza na Mali walipaswa kuwa nazo zaidi. Kisha atakasirika upya.

Walifuzu tena, fainali za 2026, zilizopangiwa hukohuko Morocco, na hizo zina uzito wa ziada: timu nne zinazofika nusu fainali zinakwenda moja kwa moja Kombe la Dunia 2027 kule Brazil, na milango miwili zaidi inapatikana kupitia mchujo wa mabara. Nusu fainali ya WAFCON ndiyo mlango. Kwa wanaume barabara ya Kombe la Dunia ni kampeni yake yenyewe, mbali na AFCON. Kwa wanawake ni mashindano yaleyale, kwa hiyo robo fainali ya Afrika huchezwa kwa roho mkononi: anayeshinda yuko Brazil.

"Mpira wao wa taratibu"

Sentensi hiyo utaisikia banda lolote la kuoneshea mpira. Kwa sehemu ni kweli. Wanaume hukimbia kasi zaidi, na hakuna haja ya kubishana na saa. Goli ni lilelile, mita 7.32 kwa 2.44, mpira ni uleule na dakika ni zilezile 90. Mimi binafsi kasi ikipungua kidogo ninaona vizuri jinsi timu inavyojipanga, pasi inatoka wapi na nani amejificha nyuma ya nani. Mwingine hapendi, na hiyo ni haki yake.

Lakini anayesema mpira wa wanawake "bado mchanga" ajue kwa nini ni mchanga. Tarehe 26 Desemba 1920 kule Liverpool, uwanja wa Goodison Park, watu wapatao 53,000 walikwenda kuiangalia timu ya wanawake ya kiwandani, Dick, Kerr Ladies. Mwaka uliofuata chama cha soka cha Uingereza kikapiga marufuku wanawake kucheza kwenye viwanja vya wanachama wake, kikidai mchezo huo hauwafai. Marufuku ilidumu hadi 1971. Brazil nayo iliwazuia kwa sheria kuanzia 1941 hadi 1979. Kombe la Dunia la kwanza la FIFA kwa wanawake lilichezwa 1991, China. La wanaume lilikuwa limeanza 1930. Waliochelewa walicheleweshwa.

Kuna na mambo ya mwili ambayo shabiki anapaswa kuyajua kwa sababu yanaamua misimu. Kano ya katikati ya goti, ile ambayo ikikatika mchezaji hukaa nje miezi tisa au zaidi, hukatika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume. Arsenal peke yao waliingia majira ya Kombe la Dunia 2023 wakiwa wamewapoteza Leah Williamson, Beth Mead na Vivianne Miedema kwa jeraha hilohilo. Sababu zinabishaniwa: umbo la nyonga, mazoezi ya nguvu yasiyotosha utotoni, viwanja vibovu, na njumu ambazo kwa miaka mingi zimetengenezwa kwa kufuata mguu wa mwanaume.

Habari ya njumu inanileta kwenye mechi iliyochezwa karibu nasi kuliko zote na isiyosimuliwa. Juni 2017 wanawake kutoka nchi zaidi ya ishirini, baadhi yao wachezaji wa zamani wa timu za taifa kama Lori Lindsey wa Marekani na Rachel Unitt wa Uingereza, walipanda Mlima Kilimanjaro na magoli yao, wakachora uwanja kwenye majivu ya volkano ndani ya kreta, mita 5,714 juu ya usawa wa bahari, wakacheza dakika 90 kamili. Kule hewa unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ufukweni. Watu wazima hushindwa kufunga kamba za viatu bila kupumzika. Matokeo yalikuwa suluhu, 0-0, na rekodi ya dunia ya mechi iliyochezwa juu kuliko zote. Lengo lao lilikuwa kudai nafasi sawa kwa wanawake michezoni. Mmoja wa waanzilishi, Laura Youngson, baadaye alianzisha kampuni ya kutengeneza njumu zinazofuata mguu wa mwanamke. Wapagazi na waongozaji wetu walikuwepo. Moshi nzima ina watu wanaoweza kukusimulia nani alipanda kilele kwa saa ngapi mwaka gani. Mechi ile huisikii.

Bado kuna jambo moja zito. Mapema sana utakutana na mtu anayesema kuhusu mchezaji mwenye nguvu: "huyo mwanaume". Barbra Banda wa Zambia aliikosa WAFCON ya 2022 kwa sababu ya vipimo vya homoni vilivyotakiwa na CAF, mwaka uliofuata akacheza Kombe la Dunia la FIFA bila kizuizi, na 2024 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika. Mashirikisho yenyewe hayakuwa na kipimo kimoja. Wewe ukiwa jukwaani na karanga zako huna kipimo chochote. Mwambie beki wako amelala, mwambie kocha abadilishe kiungo, mzomee refa. Mwili wa mtu uache.

Pa kuanzia

Njia rahisi kuliko zote ni kumfuata mchezaji mmoja. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, na 2024 akasajiliwa Brighton ya Uingereza. Clara Luvanga, naye amepita Yanga Princess, akaenda kufunga mabao Al Nassr, Saudi Arabia. Ndiyo, Al Nassr ya Ronaldo. Opa Clement alitoka Simba Queens, akapita Beşiktaş ya Uturuki na Juárez ya Mexico. Mechi za usiku za Mexico huku kwetu huangukia alfajiri, wakati wa kusonga ugali wa mbwa na kuwasha pikipiki. Za ligi ya Uingereza huwa mara nyingi Jumapili mchana, saa nane au saa tisa, na nyingi zimekuwa zikioneshwa bure YouTube, kwa hiyo bando ndilo linaloamua.

Ukitaka kuangalia bandani, usimhubirie mwenye banda. Yeye anauza viti. Nendeni watu sita, lipeni, agizeni soda, na mchague saa ambayo wanaume hawachezi. Mkirudi wiki inayofuata atakuwa ameandika mechi yenu kwenye ubao kwa chaki, huenda kwa jina lenye makosa.

Halafu chagua klabu ya nyumbani. Ukiwa huna upande, JKT Queens watakupa makombe, ila zoea kushangilia peke yako. Ukiwa Simba, kazi imeshafanyika. Ukiwa Yanga, ingia ukijua kwamba hadi msimu wa 2024/25 Simba Queens walikuwa na makombe manne ya ligi na Yanga Princess hawakuwa na hata moja. Bahati yako, watani wengi wa Simba hapa mjini hawajui. Usiwaambie.